Uchina kuipita Marekani: acheni kutudanganya na asilimia

Wanajamvi, nimechoka na leo nitasema.

Hapa Lamu, ukipita uwanja wa Mkunguni baada ya magharibi utasikia hukumu ileile: Uchina inakua kwa asilimia tano, Marekani kwa mbili na kitu, basi mchezo umekwisha, bado miaka michache tu. Wanaosema hivyo ni watu wazima, wengine ni walimu wanaowafundisha watoto wetu hesabu. Ukiuliza ni asilimia tano ya nini, unaambiwa umenunuliwa na Wazungu.

Haya, ya nini? Mwaka 2024 pato la taifa la Marekani lilikuwa karibu dola trilioni 29, la Uchina kama trilioni 18.7. Na ule ukuaji unaotangazwa kwenye habari huwa umeshatolewa mfumuko wa bei. Marekani bei zilipanda. Uchina bei zimelala, na za bidhaa zinapotoka kiwandani zilikuwa zikishuka, huku yuan, fedha ya Uchina, nayo ikiwa imepoteza thamani mbele ya dola tangu 2022. Hesabu kwa dola: mwaka huo Marekani iliongeza kama trilioni moja na nusu, Uchina haikufikisha hata moja. Pengo lilipanuka! Mwaka 2021 Uchina ilikuwa imefika kama robo tatu ya Marekani, leo iko chini ya theluthi mbili. Na bado watu wanapiga meza kwamba inakaribia.

Hapo ndipo hujitokeza mjuzi wa pili: "Uchina imeshapita tangu 2014, IMF wenyewe walisema." Hao IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, walisema, lakini kwa kipimo cha uwezo wa kununua, yaani bei za huko zikisawazishwa na za Marekani. Kipimo hicho ni halali ukitaka kujua mkazi wa Shanghai anakula vipi na ananyolewa kwa bei gani. Lakini mafuta, mitambo na madeni ya nje hayalipwi kwa bei ya kinyozi. Sisi Wakenya tungepaswa kulijua hili kuliko wengine: benki ya Uchina ilipotukopesha fedha za reli ya SGR ilitukopesha dola, na ni mwaka 2025 tu ndipo Hazina yetu ikageuza mikopo hiyo kuwa yuan. Mkopeshaji ni Mchina, reli kajenga Mchina, deni likawa la dola miaka yote hiyo. Tafakarini hilo kabla ya kumtangaza mfalme mpya.

Sisemi Uchina ni nchi ndogo. Tangu mageuzi ya Deng Xiaoping ya 1978 imetoa mamia ya mamilioni ya watu katika ufukara, na viwanda vyake vinaishinda Marekani kwa mbali. Huenda ikapita siku moja. Ninachokataa ni rula. Mtu anachukua kasi ya jana, anaweka rula juu yake, anavuta mstari mpaka 2040, kisha anauita mstari huo ukweli.

Japani ilivutiwa mstari huohuo. Mwaka 1995 uchumi wake ulizidi asilimia 70 ya ule wa Marekani, na vitabu vikaandikwa kwamba karne ijayo ni yake. Soko lake la hisa lilikuwa limeshaporomoka kutoka kilele cha Desemba 1989, na kilele hicho halikukirudia hadi Februari 2024. Sasa tazameni Uchina yenyewe: mwaka 2016 walizaliwa watoto karibu milioni 18, mwaka 2023 milioni 9 tu. Evergrande, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za ujenzi wa nyumba, iliamriwa na mahakama ya Hong Kong kufilisiwa Januari 2024. Hata wataalamu wanahamahama: benki ya Marekani ya Goldman Sachs mwaka 2003 walisema Uchina itapita 2041, baadaye wakaileta 2027, mwaka 2022 wakaisogeza 2035. Kama wao hawana uhakika, nyinyi wa barazani mmeutoa wapi?

Mtaniuliza Mwamu mzima, mtu wa Lamu, anakasirikia nini mambo ya Beijing na Washington. Nakasirika kwa sababu rula hiyohiyo ndiyo iliyotumika juu yetu. Tuliambiwa ulimwengu unahamia Mashariki, biashara itafurika, kwa hiyo Lamu inahitaji bandari ya gati 32, yaani sehemu 32 za meli kufunga na kupakua. Kampuni ya Kichina ikajenga tatu za mwanzo, ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021, na meli za miaka ile ya mwanzo zilikuwa za kuhesabika. Lakini bahari ilichimbwa yote iliyotakiwa kuchimbwa, mikoko ikakatwa, na wavuvi wakapoteza maeneo yao. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, na bado wazee wakazungushwa miaka kwa mikutano ya nani alipwe fedha taslimu na nani apewe mashine na nyavu.

Na kile kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa Kwasasi, hapahapa Lamu? Megawati 1,050, wakati nchi nzima kilele cha matumizi kilikuwa hakijafika megawati 2,000! Ilisemekana umeme utahitajika kwa sababu uchumi utakua kwa kasi. Nani alisema? Mstari ulisema. Juni 2019 leseni ikafutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na waliopigania hilo ni watu wa hapahapa, si wachambuzi wa redio.

Sasa naomba jambo moja kwa wenye nafasi serikalini wanaosoma uzi huu. Ile hesabu iliyozaa gati 32, nani aliikokotoa, alidhani mizigo itaongezeka kwa asilimia ngapi kwa mwaka, na alivuta hadi mwaka gani? Wekeni karatasi hizo hapa tuzisome.