Geji za nyongeza kwenye Hilux D4D: sensa ya joto la moshi ikae wapi?

Mtoto wa Pongwe

Habari zenu wakuu. Niko Tanga, nina Hilux pikapu 2.5 D4D, ya dizeli, ya gia za mkono, ndiyo inayonilisha. Napandisha saruji na bati Lushoto, nikishuka nabeba kabichi, karoti na viazi. Mnaoijua njia mnaelewa: kutoka Segera hadi Mombo hakuna shida, kazi inaanza ukishakata kona ya Mombo kupanda Soni. Kona juu ya kona, gia ya pili na ya tatu, mzigo mgongoni, mwendo mdogo kiasi kwamba upepo wa kupoza rejeta haupo.

Kinachoninyima raha ni mshale wa joto kwenye dashibodi. Asubuhi unapanda hadi katikati, halafu unakaa hapo siku nzima, niwe tupu pale Muheza au nimejaza mlimani. Jirani yangu mwenye gari kama hii hedi yake (kile kifuniko cha chuma juu ya silinda) ilipinda, na anaapa mshale haukutoka katikati mpaka mambo yalipokuwa yameshaharibika.

Nimepata seti ya geji tatu za milimita 52: joto la moshi, presha ya turbo (kile kipulizi kinachosukuma hewa ndani ya injini) na joto la maji. Fundi mmoja anataka kutoboa manifodi, yaani chuma kinachokusanya moshi wa silinda na kuupeleka kwenye turbo, injini ikiwa inaunguruma. Mwingine anasema nitoboe bomba baada ya turbo, ndiyo salama. Nimsikilize nani? Na sensa ya maji niiweke wapi? Msaada wenu tafadhali, gari hii nikiiua sina nyingine.

FundiWaya Ngamiani

Kaka, mshale huo ndivyo ulivyotengenezwa. Toyota nyingi mshale ukifika katikati unatulizwa hapo makusudi. Maji yawe nyuzi 85 au yakaribie 100, utauona palepale. Siku ukianza kuelekea kwenye nyekundu, ujue joto lilishavuka kitambo. Kwa hiyo jirani yako anasema kweli.

Kabla hujafunga geji ya maji, jaribu kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani. Kikiielewa gari yako, simu itakupa joto la maji kwa namba, kama kompyuta ya gari inavyolijua. Joto la moshi hutalipata humo, maana Hilux nyingi za kizazi hicho zilizoko huku hazina sensa yake. Hiyo lazima uifunge mwenyewe, na ndiyo ningeanza nayo.

Dizeli Damu

Usikubali kuiweka baada ya turbo. Moshi ndio unaoizungusha turbo, na ukishafanya kazi hiyo unatoka umepungua joto. Ingekuwa tofauti haibadiliki tungeijumlisha tukamaliza, lakini inabadilika: ukiwa tupu ni ndogo, ukikanyaga mlimani inafika nyuzi 100, 150, hata zaidi. Yaani geji inakudanganya zaidi pale unapoihitaji zaidi.

Weka kwenye manifodi, pale mikono ya silinda zote nne inapokutana kabla ya turbo. Ncha ya sensa ifike katikati ya njia ya moshi, isigande ukutani.

Namba za kuziheshimu: pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu inayeyuka nyuzi 660. Moshi wa 700 haumaanishi pistoni nayo ni 700, kwa sababu kila mzunguko inaingia hewa mpya, na oili inaipoza kwa chini. Ila ukikaa kwenye 700 dakika nyingi mfululizo unaimaliza hiyo nafuu. Mimi 650 nalegeza mguu. Ikiendelea kupanda nashusha gia, na hapa madereva wengi hufanya kinyume, wanang'ang'ania gia kubwa wakidhani wanaipumzisha injini. Ukishusha gia injini inazunguka haraka, hewa inaingia nyingi, pampu ya maji nayo inasukuma zaidi. Utaona mshale wa moshi unarudi chini ndani ya sekunde chache.

Kobe wa Amani

Dizeli Damu, kwenye sehemu ya kukaa naungana na wewe. Ila umeruka swali la kutoboa, na hapo ndipo pesa zinapopotelea.

Wapo wanaotoboa injini ikiwa imewashwa ili moshi usukume chenga nje ya tundu. Nyingi zinatoka kweli. Zile zinazodondokea ndani zinapita kwenye turbo, na mapanga yake mzigo ukiwa mkubwa yanazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Chenga moja ya chuma inatosha kuyala.

Kushusha manifodi nzima ndiyo kazi safi, lakini kwa gari iliyokaa pwani stadi, yaani zile bolti zisizo na kichwa zinazoishikilia, zimeshashikwa na kutu. Ukilazimisha, inakatikia kwenye hedi, na kuitoa ni kazi nyingine kubwa kuliko hii uliyoianza.

Mtoto wa Pongwe

Sasa hapo ndipo mnaponitisha. Kuna njia ya katikati?

Dizeli Damu

Ipo. Toa turbo, acha manifodi ilipo. Ziba njia za manifodi kwa kitambaa safi kwa ndani, paka grisi kwenye biti ya kutobolea na kwenye tapu, kile chuma cha kukatia nyuzi, ili chenga zishike hapo. Biti ya 8.5, tapu ya NPT ya robo nusu, yaani moja ya nane ya inchi. Manifodi ni chuma cha kalibu, kinashikwa na sumaku, kwa hiyo ukimaliza pitisha sumaku, kisha vakyumu, ndipo utoe kitambaa taratibu kukielekeza nje. Tapu hiyo imechongoka, usiizamishe yote. Kata kidogo, jaribu kufunga sensa, kata tena. Ukizidisha, sensa inaingia hadi mwisho bila kukaza.

Nati za turbo zimwagie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na gasketi ziwe mpya tayari mkononi kabla hujagusa spana.

Mama Machungwa Muheza

Mwanangu, wote wameongelea moshi, mimi nakuongelea maji. Watakuambia uweke sensa kwenye mpira wa juu wa rejeta kwa kipande cha kuunganishia. Ni sawa, ila fahamu kasoro yake: sensa ile inasoma ikiwa ndani ya maji. Mpira ukipasuka maji yakaisha, sensa inabaki hewani, na mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua.

Sisi pikapu yetu ya machungwa tuliiongezea sensa ya aina ya pete, inafungwa na bolti kwenye chuma cha hedi chenyewe, ina king'ora. Mpira wa chini ulipasuka kabla ya kufika Segera, king'ora kikalia, dereva akazima hapohapo. Tulibadilisha mpira, tukajaza maji, safari ikaendelea na hedi ni ileile hadi leo. Hiyo nakuomba usiiache.

FundiWaya Ngamiani

Mama amesema la maana sana. Niongezee upande wa waya, maana geji nyingi ninazoletewa kwamba ni mbovu kumbe ni nzima.

Sensa ya maji ya waya mmoja inapata hasi kupitia mwili wake. Ukiiweka kwenye mpira wa rejeta, pale imezungukwa na raba pande zote, hasi haipo. Funga waya kutoka kwenye kile kipande cha chuma hadi kwenye bodi au injini. Na usizungushe tepu nyeupe ya mabomba nyingi kwenye nyuzi zake, nayo inakata hasi.

Waya za sensa ya joto la moshi usiziguse kwa mkasi. Zimetengenezwa kwa madini maalumu, ukikata ukaunganisha na shaba ya kawaida namba zitapotoka. Zikiwa ndefu, zikunje nyuma ya dashibodi. Halafu soma karatasi ya geji kabla ya kufunga, kwa sababu kwenye waya za mtindo wa Marekani nyekundu ndiyo hasi. Fundi akifuata mazoea, geji itasoma kinyume.

Umeme chukua unaokuja na swichi, kupitia fyuzi yake ndogo, na waya wa taa uunge kwenye taa ndogo za gari ili usiku geji zisikupige machoni. Viungo vyote chomelea risasi na uvifunike kwa mpira wa kusinyaa. Kwa chumvi ya hewa yetu, kiungo cha kusokota kinaoza mapema.

Ukitaka kuzibandika kwenye nguzo ya kioo upande wako, hakikisha kwanza gari haina mfuko wa hewa humo.

Kobe wa Amani

Presha ya turbo isome pamoja na joto la moshi, usiitazame peke yake. Mlima uleule, mzigo uleule, ukiona presha imepungua na moshi umepanda, kagua mipira ya hewa na filta. Hewa inavuja au inakosekana. Na ukifika Soni usizime mara moja, acha iungurume mpaka moshi ushuke chini ya 200, vinginevyo oili inaungulia ndani ya turbo.

Mtoto wa Pongwe

Mama yangu, king'ora nakinunua kabla ya geji zote. FundiWaya, nakuja barabara ya 12 unionyeshe hiyo ya hasi. Turbo tutaitoa Jumamosi, gasketi natafuta kesho.

FundiWaya Ngamiani

Karibu. Njoo na karatasi za geji zote tatu, na njoo asubuhi injini ikiwa baridi.