Naombeni ushauri: siku moja Alexandria, nianzie wapi?

Wakuu habari zenu. Mwezi ujao nitakuwa Cairo kikazi, nina siku moja tu ya kwenda Alexandria kwa treni, na kinachonipeleka ni ule mnara wa taa wa Pharos. Najua haupo tena, matetemeko ya 1303 na 1323 yaliumaliza, 1477 sultani Qaitbay akajenga ngome palepale, na mawe mengine yako chini ya bahari, wapiga mbizi waliyachunguza 1994. Nimeulizia mawakala wawili, mmoja anasema kuzamia poa tu mwingine anasema mpaka kibali, na mimi kuogelea kwenyewe ni kwa kubahatisha 😅

Sasa kwa mliofika, ngome peke yake inatosha? Na yale mawe yaliyotolewa baharini nitayaona wapi nchi kavu?