Kansa ya utumbo imefikaje kwenye ini?

Mdadisi:
Wakuu habari zenu, mama mdogo aligundulika ana kansa ya utumbo mpana, sasa majibu ya CT skani yametoka daktari anasema kuna uvimbe na kwenye ini. Hizo ni kansa mbili au? Na imetoka huko ikafikaje kwenye ini? Halafu kuna ndugu wanasema eti kile kinyama alichokatwa akapimwe ndo kimeitibua. Naombeni lugha nyepesi.

Nesi wa Zamu:
Pole sana mkuu. Ni kansa moja hiyohiyo, ukiuangalia huo uvimbe wa kwenye ini kwa hadubini utakuta ni seli za utumbo, na dawa atakazopewa zitakuwa za kansa ya utumbo. Ilivyofika sasa: seli inaachana na wenzake, inapenya ukuta wa mshipa mdogo wa damu inabebwa, na damu ya utumbo hairudi moyoni moja kwa moja, inapita kwanza kwenye ini, kwa hiyo zinanasa hapo. Nyingine zinapita njia ya limfu, yaani majimaji ya mwili yenye mishipa yake yanayochujwa kwenye tezi, ndo maana kansa ya titi wanakagua tezi za kwapani.

Kapeto:
Naongezea hapo kwa Nesi, nyingi zinazoingia kwenye damu zinafia njiani, ama mkondo unazipasua ama kinga ya mwili inazimaliza. Na hazitui ovyo. Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wanawake waliokufa kwa kansa ya titi akasema ni kama mbegu, inaota pale tu ikikuta udongo wake. Ya tezi dume kwa mfano inapenda sana mifupa. Tena seli inaweza kutua ikakaa kimya miaka mingi ndo ianze kujivutia mishipa ya damu ikue.

Mdadisi:
Asanteni sana. Na kile kinyama je?

Nesi wa Zamu:
Hao ndugu waambie waache kumtisha mgonjwa bwana. Uvimbe mpaka uonekane kwenye skani umeshakua muda mrefu, yaani kwa vyovyote ulikuwepo kabla hajakatwa, na bila hicho kinyama daktari angejuaje ampe dawa gani? Wewe muulize daktari kama huo wa kwenye ini unaweza kukatwa, maana ya utumbo ikifika kwenye ini kuna wagonjwa wanafanyiwa upasuaji, ini likikatwa kipande linajaza tena.