Nani mwenye kauli juu ya makato ya fedha za utafiti?

Mwanaidara:
Salaam, wenzangu. Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, na ninaomba mwongozo kwa wenye uzoefu wa vikao. Mradi wetu mdogo wa ubora wa maji ya visima ulipata ruzuku kutoka nje, na chuo kilikata sehemu yake kwa ajili ya uendeshaji. Makato yenyewe siyapingi, kwa kuwa umeme, maabara na wahasibu vinagharimiwa na chuo. Kinachoniuma ni kwamba kiwango kilipandishwa katikati ya mwaka kwa barua ya aya mbili, tuliyosomewa chini ya "Mengineyo" wakati watu wameshaanza kufunga mafaili yao. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia sampuli, tulivyoagiza navyo vilichukua miezi saba kufika, na maboksi mawili yalikuwa yamebakiza wiki tatu kabla ya muda wake kwisha, hata mwanafunzi wangu wa uzamili akalazimika kurudi visimani kuchukua sampuli upya. Je, bodi ya ndaki, yaani kitengo kinachokusanya idara kadhaa za chuo, inaweza kudai taarifa ya matumizi ya makato hayo, au ni suala la menejimenti peke yake?

Mjumbe wa Zamani wa Seneti:
Pole sana, Mwalimu. Anza na Hati Idhini ya chuo chako. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu Namba 7 ya mwaka 2005, vyuo vyetu huendeshwa kwa hati hizo; ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, ni ya mwaka 2007. Kwa kawaida Baraza la Chuo ndilo lenye kauli ya mwisho juu ya fedha na mali, na Seneti juu ya taaluma, yaani mitaala, mitihani na utafiti. Fedha ya utafiti inasimama katikati ya vyombo hivyo viwili, na ndiyo maana huishia kuamuliwa ofisini, mahali ambapo hakuna muhtasari unaoandikwa. Bodi yako haiwezi kupanga kiwango, lakini sioni kinachoizuia kuomba taarifa na kupeleka hoja Seneti, mradi hoja hiyo iwe ajenda kamili na iambatane na andiko.

Mhasibu wa Miradi:
Kabla ya Seneti, soma mkataba wa ruzuku. Wafadhili wengi huweka ukomo wa makato, na bajeti iliyosainiwa haibadilishwi kwa barua ya ndani bila mfadhili kuridhia. Vilevile, hesabu za vyuo vya umma hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa hiyo kuuliza kwa maandishi si utovu wa nidhamu.

Mwalimu wa Historia:
Nakubaliana na waliotangulia, ila naona tunaligusa tatizo juujuu. Pale ambapo mkuu wa idara na rasi wa ndaki huteuliwa kutoka juu, hata mtu mwema hujiona anawajibika kwa aliyemteua kabla ya wanaidara wenzake. Mwezi Aprili mwaka 1990, jumuiya za wanataaluma za vyuo kadhaa nchini, ikiwemo UDASA, ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, ambalo lilitaka vyuo vijitawale kwa njia za kidemokrasia. Azimio hilo halina nguvu ya sheria, lakini walioliandika walikuwa walimu kama wewe, nami ninasikitika kuona wahadhiri vijana wengi hawajawahi kulisoma. Usiende peke yako, ndugu yangu. Pitia jumuiya yenu.

Mwanaidara:
Ninawashukuru nyote kwa dhati. Nimeufungua mkataba jana usiku, na kiwango cha zamani kimeandikwa wazi kwenye jedwali la bajeti, pamoja na saini ya chuo. Wenzangu watatu wenye miradi wamekubali kusaini andiko pamoja nami, na katibu wa bodi amethibitisha kwamba hoja ikimfikia kabla ya Ijumaa itaingia kwenye ajenda za kikao kijacho.