Despacito ilibebwa na Justin Bieber, au Bieber ndiye aliyepewa lifti?

Mleta mada:

Wadau, kila msanii wetu akipata kolabo na nyota wa Marekani hakosi mtu wa kutukumbusha kwamba hata Despacito, ule wimbo wa Kihispania, bila Bieber isingetoboa. Watu wanaitikia kwa kichwa, mjadala unafungwa. Mimi siafiki, na leo nataka tuuchambue wimbo wenyewe.

Luis Fonsi na Daddy Yankee, wote watoto wa Puerto Rico, waliutoa Januari 2017. Fonsi aliutunga pamoja na Erika Ender, mtunzi mwenye asili ya Panama, na Yankee akaongeza vionjo vyake. Kabla ya Bieber kuusogelea, tayari ulikuwa namba moja kwenye chati ya Billboard ya nyimbo za Kilatini, tena umeshaingia Hot 100, chati kubwa ya Marekani, ukizunguka nafasi za arobaini na kitu. Katikati ya Aprili ikatoka rimiksi, Bieber akiwa ametia sauti yake. Wimbo ukaruka kutoka nafasi ya 48 hadi ya 9. Mwishoni mwa Mei ukawa namba moja, na haukuachia hadi ulipotimiza wiki 16, ukafikia rekodi ya Mariah Carey na Boyz II Men ya mwaka 1995 na 1996. Kabla yake, wimbo wa Kihispania ulikuwa haujakaa kileleni tangu Macarena, 1996.

Ukiishia hapo utasema dogo kabeba. Lakini tuulize Hot 100 inapima nini. Inajumlisha usikilizaji wa mtandaoni, redio na mauzo, ndani ya Marekani tu, na rimiksi huhesabiwa pamoja na wimbo wa awali. Bieber alileta mashabiki wake, sawa, lakini kikubwa alichofungua ni redio za Kiingereza, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa haziupi nafasi wimbo wa Kihispania hata wasikilizaji wakiupenda. Kwa hiyo ule mruko wa 48 hadi 9 unanieleza zaidi habari za wapanga vipindi wa Marekani kuliko habari za Fonsi.

Ushahidi wangu ni video. Ilipigwa La Perla, mtaa wa watu wa hali ya chini ufukweni mwa San Juan, na Bieber hamo hata kwa sekunde moja. Video hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza YouTube kutazamwa mara bilioni 3, Agosti 2017, ikawa imeshazipita zote. Watazamaji wale walibebwa na nani?

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, unamnyima mwenzio haki yake. Redio ni sehemu ya mchezo, huwezi kuitoa kwa sababu haikupendezeshi.

Chukua Gasolina. Ni Daddy Yankee huyohuyo, 2004, na ndio wimbo ulioitambulisha reggaeton, muziki wa Kilatini wa kuchezeka, duniani. Mdundo wa kuvunja ukumbi, kiitikio kila mtu anakijua. Kwenye Hot 100 uliishia nafasi ya 32. Haukuwa na jina kubwa la Kiingereza pembeni. Halafu angalia Mi Gente ya J Balvin na Willy William, 2017 hiyohiyo: Beyoncé alipoingia Septemba, ukapanda hadi nafasi ya 3. Tuje Afrika. Essence ya Wizkid na Tems ilikuwa ikipendwa tangu 2020, lakini kumi bora ya Hot 100 iliingia 2021, baada ya rimiksi ya nani? Bieber tena. Na sisi wenyewe tunakumbuka Number One ya Diamond ilivyokuwa baada ya Davido kutia sauti. Nigeria ikaanza kumjua kijana wa Tandale.

Zote hizo bahati? Vijana wakitafuta jina kubwa tusiwacheke. Ndiyo njia iliyopo.

Mleta mada:

Ndugu yangu, Gasolina usiilinganishe na hii. Mwaka 2004 YouTube haijazaliwa. Ulimwengu wa Kihispania una watu zaidi ya milioni 400, lakini enzi hizo wangekuonyeshaje kwamba wanausikiliza wimbo usiku na mchana? Kwa kununua CD? Kufikia 2017 kila anayebonyeza simu Lima au Madrid anaonekana, na namba zile ndizo zinazomfanya mtu wa Los Angeles aanze kupiga simu.

Na kumbuka rimiksi ilianzaje. Bieber alikuwa Colombia kwenye ziara yake, akausikia klabu, akaona watu wanavyopagawa. Yeye ndiye aliyetaka kuingia. Ni abiria aliyelikimbilia basi lililokwisha kuondoka kituoni. Mwezi uliofuata akanaswa klabu moja New York akiuimba: maneno ya Kihispania yamemkwama, anajazia kwa kutaja "burrito" na "Dorito". Huyo ndiye aliyeubeba wimbo?

Mchangiaji wa pili:

Kaka zangu, mnagombania dereva na abiria, hamuulizi basi ni la nani.

Mdundo unaobeba reggaeton yote unaitwa dembow, na jina lenyewe limetoka Jamaica, kwenye wimbo wa Shabba Ranks wa 1990. Nyuma yake kuna kazi ya Steely na Clevie, watayarishaji wawili wa muziki wa Kingston, waliotoa mdundo wa Fish Market mwaka 1989. Panama nako walikuwepo wajukuu wa vibarua weusi waliotoka visiwa vya Karibi kuja kuchimba mfereji. Ndio walioanza kuimba reggae kwa Kihispania, mwimbaji El General akiwa mstari wa mbele. Kisha Puerto Rico, kwenye makazi ya serikali, vijana wanarekodi kaseti na kuuziana mkono kwa mkono. Mwaka 1995 polisi walivamia maduka ya muziki wakazikamata kaseti hizo kwa madai ya matusi. Mwaka 2002 seneta Velda González akaongoza kampeni dhidi ya video za muziki huu na uchezaji wake, ule wa kukata viuno unaoitwa perreo.

Sasa tazameni nani kasimama mbele ya kamera siku ya mavuno. Fonsi ni mwimbaji wa mapenzi ya taratibu, amejenga jina lake kwenye balladi. Simsemi vibaya, sauti anayo. Lakini muziki uliokamatwa na polisi ulipokuwa wa vijana weusi wa mitaani ukaja kupokewa sebuleni ulipopata sura laini, na hilo halihusiani na Bieber peke yake. Mwaka 2021 upande wa Steely na Clevie ulifungua kesi Marekani kudai haki ya mdundo wao. Ilianza na mtayarishaji El Chombo wa Panama, ikaja kuwagusa makumi ya wasanii, Fonsi na Yankee wakiwemo. Hiyo kesi ina maana kubwa kuliko wiki 16 zenu.

Mchangiaji wa kwanza:

Dada, umeongea. Ila kwa hesabu hiyo hata Yankee kabebwa na Jamaica.

Mchangiaji wa pili:

Ndiyo. Tofauti ni kwamba Bieber jina lake liliandikwa kwenye wimbo.

Mleta mada:

Hilo la mwisho nalikubali lote, na linastahili uzi wake. Mimi narudi kwenye swali la chati, kwa sababu ndiko vijana wetu wanakokatishwa tamaa. Mtazameni Bad Bunny, msanii mwingine wa Puerto Rico. Novemba 2020 alitoa El Último Tour del Mundo, albamu ya kwanza ya Kihispania kitupu kushika namba moja kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Mwaka 2022 Un Verano Sin Ti ikakaa kileleni wiki 13. Hakubadilisha lugha, hakusubiri rimiksi.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, namba moja yake ya kwanza Hot 100 ilikuwa lini? I Like It, 2018, na wimbo ni wa Cardi B. Mlango ulishafunguliwa na mtu mwingine.

Mleta mada:

Ulifunguliwa, na I Like It yenyewe imejengwa juu ya wimbo wa Pete Rodríguez wa 1967, wa Walatino wa New York, kwa hiyo hata Cardi B alikuta nyumba ina watu. Lakini niambie kuhusu Dákiti, 2020. Bad Bunny na Jhay Cortez, hakuna hata mstari wa Kiingereza, hakuna nyota wa kuazima, nafasi ya 5 Hot 100. Hiyo unaiwekaje?