Mrejesho: biti yangu ya kwanza ya singeli imekamilika

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama laptop ya RAM 4 GB na hedifoni vinatosha kuanza kutengeneza biti, au nijichange kwanza ninunue kinanda na spika za studio. Wengi mlisema anza na ulicho nacho. Vimetosha! Nimetumia LMMS, programu ya kutengenezea muziki, ni ya bure.

Kilichonitesa ni spidi. Programu inafunguka ikiwa kwenye mapigo 140 kwa dakika, nikawa nashangaa mbona singeli yangu inatembea kama taarabu. Nimepandisha hadi 240, ikachangamka. Besi nayo ilikuwa inagombana na kiki (ya ngoma, siyo ya mjini). Nikaipunguzia besi sauti za chini kabisa, zikaelewana.

Aliyenishauri niisikilize kwenye simu pia, ahsante mkuu: huko besi haisikiki kabisa. Hapo bado napambana.