Tupeane uzoefu: kubadilisha deki ya CD au kuongeza DAC pembeni?

Mwenye uzi: Wakuu habari. Deki yangu ya CD ni ya zamani, inasoma diski bila shida, ila sauti yake naiona imepooza nikilinganisha na simu kwenye amplifaya hiyohiyo. Ninunue deki ya daraja la juu, au hii niiachie kazi ya kusoma tu, ugeuzaji wa namba kuwa sauti nimpe DAC wa pembeni? Waliopita humo waseme yaliyowakuta. Maneno ya matangazo nimeshasoma ya kutosha.

NusuWaya: Igeuze kwanza uone mgongoni. Ukikuta matundu mawili tu, jekundu na jeupe, DAC hana pa kuchomeka, sauti imeshageuzwa humo ndani. Unatafuta tundu la dijitali, koaksia (la waya wa shaba) au lile la optiko linalotoa mwanga mwekundu. Yangu ilikuwa na optiko, nikaongeza DAC. Tofauti kwenye CD ipo, ila ndogo. Kilichonifurahisha ni kwamba TV na kompyuta navyo sasa vinapitia kwake.

FundiLenzi: Naongea kama mtu anayezifungua hizi mashine. DAC anapokea kile ambacho leza imesoma, basi. CD ina mfumo wa kurekebisha makosa, na pengo la hadi milimita 2.5 hivi kwenye njia ya data linaweza kujazwa lote, usisikie kitu. Likizidi hapo deki inaanza kukisia, kisha inakata au kuruka. Deki inayoruka usiitafutie DAC. Safisha lenzi, angalia mpira wa trei kama umelegea, na kama leza yenyewe imechoka, uliza kwanza kama spea yake bado inapatikana. Zipo deki nzuri sana zilizokufa kwa kukosa kipande hicho kimoja. Ya mwenye uzi inasoma vizuri, kwa hiyo mimi nisingeitupa.

MzeeWaBesi: Nitawaudhi wengine. Mlisawazisha sauti kabla ya kulinganisha? Deki nyingi hutoa kama volti 2, DAC wengine huzidi hapo, na kinachopiga kwa nguvu kidogo sikio hukiona bora. Mimi nilisawazisha kwa mita, shemeji akawa anabadilisha huku nimempa mgongo. Nikabaki nabahatisha. Deki za Philips za mwanzo zilikuwa na chipu za DAC za biti 14 (biti ni kipimo cha umakini wa zile namba za sauti) wakati CD ni biti 16, na mpaka leo zina wapenzi wake! Halafu mwenye uzi, hiyo simu ikwalaiza yake (ile ya kuongeza au kupunguza besi na sauti nyembamba) iko wazi au imezimwa? Anza hapo kabla hujafungua pochi.

DadaKipaza: Mimi nilibadilisha deki nzima na sijutii, ila nilikuwa na sababu: nina diski za SACD, zinazofanana na CD ila zina tabaka ya sauti ya ubora zaidi. Ile tabaka yake ya ubora wa juu haitoki kwenye koaksia wala optiko za kawaida, imefungwa makusudi, kwa hiyo DAC asingenisaidia kitu. Na hii mpya inasoma CD za kuchoma ambazo ya zamani ilikuwa inazitema. Angalieni pia deki zenye tundu la dijitali la *kuingiza*. Hizo unaweza kumtumia DAC wake wa ndani kwa TV, ukawa umemaliza yote kwa boksi moja.

Mwenye uzi: Asanteni. Mgongoni nimekuta koaksia na optiko. Ikwalaiza ya simu naizima leo usiku nisikilize upya. Nikija kuongeza DAC, nitumie tundu lipi?

NusuWaya: Kwa CD yote mawili yanatosha, data ni ileile. Koaksia tafuta waya wa om 75. Ukisikia mvumo kwenye spika baada ya kuunganisha, hamia optiko: unapita mwanga tu, hakuna shaba inayounganisha mashine mbili. Mvumo wa TV yangu uliishia hapo. Ila waya wa optiko usiukunje kona kali.

FundiLenzi: Na vile vifuniko vidogo vya ncha zake vitoe kabla ya kuchomeka. Naletewa sana "DAC mbovu" ambao kumbe havijatolewa.